Uzi wa wachapaji: Gradienti (rangi inayofifia polepole) laini kwenye kompyuta, ngazi ngazi kwenye bango. Tatizo ni faili au mashine?

AngaLaKibo (Arusha)
Wakuu, heshima kwenu. Kazi ni bango la fleksi, mita 3 kwa mita 1, la kampuni ya utalii. Mlima umekaa kushoto, sehemu yote iliyobaki ni anga: juu bluu nzito, inafifia mpaka bluu hafifu karibu na theluji ya Kibo. Kwenye kioo cha kompyuta anga ni laini kabisa. Kwenye bango zinatoka ngazi zilizolala, kama makinga maji ya shambani. Mashine ni ya solventi, hedi (vichwa vinavyodondosha wino) za Konica 512i za pikolita 30 (ukubwa wa tone), wino nne, pasi 4 (hedi inapita kila sehemu mara nne). Faili ni JPEG ya RGB. Mbunifu anasema mashine mbovu, mwendesha mashine anasema faili bovu. Mwenye ujuzi ashushe, na asishushe kwa "inategemea".

RangiNne (Arusha)
Mkuu, kesi hiyo ina kipimo kimoja kinachomaliza ubishi. Kata kipande cha anga cha sentimita 30 kwa 30 kwenye faili hilohilo. Kiprinti kama kilivyo, kisha kigeuze nyuzi 90 ukiprinti tena kando yake, roli ileile, pasi zilezile. Weka vyote mezani.

Ngazi zikigeuka pamoja na picha, ugonjwa uko kwenye faili au kwenye RIP (programu inayogeuza faili kuwa nukta za wino). Zikibaki zimelala upande ule ule hedi inakotembea, ugonjwa uko kwenye mashine. Mistari ya mashine ina tabia nyingine pia: inajirudia kwa umbali sawasawa, kwa sababu umbali huo ndio fleksi inavyovutwa kila pasi, na utaiona hata kwenye rangi bapa isiyofifia. Ngazi za faili hazionekani kwenye rangi bapa hata siku moja.

Ndiyo maana humu tutumie maneno mawili tofauti: *ngazi* ni za faili, *mistari* ni ya mashine. Watu wakiita vyote "mistari" ndipo hedi nzima inapooshwa mara sita bure, wino unamwagika, na anga linabaki vilevile.

Na uwezekano wa tatu upo, kwamba unavyo vyote viwili. Kwa pasi 4 na pikolita 30 siwezi kukukatalia.

NuktaNdogo (Moshi)
Nianze na chanzo, maana wengi wanalijua tatizo kwa sura tu.

Printa haina bluu hafifu. Ina siani (bluu ya wino), basi. Wino ama umedondoka ama haujadondoka, hakuna wino wa nusu nguvu. Bluu hafifu unayoiona ni nukta za siani zilizotawanywa juu ya weupe wa karatasi, na jicho lako kwa mbali linazichanganya lenyewe. Kioo cha kompyuta kinaweza kupunguza mwanga wa kila pikseli. Printa inalazimika kudanganya kwa kupanga nukta.

Sasa udanganyifu huo una hesabu. Kwenye hafutoni ya kawaida (nukta kubwa na ndogo zilizopangwa kwa mistari) unagawa rezolusheni ya mashine (dpi, nukta kwa inchi) kwa idadi ya mistari ya hafutoni kwa inchi, unazidisha jibu kwa lenyewe, unaongeza moja. Mashine ya dpi 600 ukiipa mistari 100: 600 kwa 100 ni 6, 6 mara 6 ni 36, jumlisha 1 ni viwango 37. Yaani kutoka nyeupe hadi siani kamili una madaraja 37 tu. Mashine ya dpi 2400 kwa mistari 150 inakupa 16 mara 16, jumlisha 1, viwango 257. Hapo ndipo pleti nzuri (bamba la kuchapia) ya ofseti inapoishinda leza ya ofisini.

Inkijeti (mashine ya kudondosha wino, kama yako) haipangi nukta kwa visanduku, inazitawanya. Njia maarufu ni ya Floyd na Steinberg ya mwaka 1976: kila pikseli ikikadiriwa kwenda "wino" au "hakuna wino", kosa lililobaki linasukumwa kwa majirani zake. Kwa hiyo viwango si tatizo kubwa, tatizo ni ukubwa wa tone. Tone la pikolita 30 kwenye anga hafifu linaonekana kama nzi kwenye maziwa. Hedi zenye tone la pikolita 4 au 5 zinazobadilisha ukubwa wa tone, au mashine yenye siani nyepesi na majenta nyepesi, zinajaza sehemu hizo kwa nukta nyingi zisizoonekana.

AngaLaKibo
Asante mkuu. Nimeelewa nukta. Ila kama inkijeti haina shida ya viwango, ngazi zinatoka wapi?

RangiNne
Kwenye faili lako. Piga hesabu na mimi.

JPEG ina biti 8 kwa kila chaneli, yaani viwango 256. Tuchukulie kwa CMYK (wino nne: C siani, M majenta, Y njano, K nyeusi) anga lako linatoka siani asilimia 80 hadi 20. Tofauti ni 60, na asilimia 60 ya 255 ni viwango 153. Anga lina urefu wa mita 1 kutoka juu kwenda chini. Milimita 1,000 gawa kwa 153, kila kiwango kinapata ukanda wa milimita 6.5. Gradienti hiyohiyo kwenye kadi ya biashara yenye kimo cha milimita 55 inapata ukanda wa milimita 0.36, na hakuna atakayeuona. Faili ni lilelile, ila bango limeivuta mpaka viraka vikaonekana.

Jicho nalo linaongeza chumvi. Mwanafizikia Ernst Mach alilieleza mwaka 1865: penye mpaka wa vivuli viwili vilivyo karibu, jicho linaona upande mweusi mweusi zaidi na upande mweupe mweupe zaidi kuliko vilivyo. Ngazi ndogo inageuka kuwa mstari.

Halafu ukizidisha na JPEG yenyewe, inayobana picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, zile tofauti ndogo za anga ndizo za kwanza kutupwa. Kipande kizima kinakuwa rangi moja. Zile 153 zinaweza zisifike hata 153.

Kwa hiyo mwendesha mashine ana haki, kwa sehemu.

Skrini77 (Moshi, Majengo)
Dawa ni chenga tu (vinukta vya ovyo ovyo juu ya rangi). Ongeza chenga, ngazi zinakufa. Mnazunguka sana.

NuktaNdogo
Chenga ni dawa, ila ina dozi, chalii wangu. Nimeona mafaili ya anga kama yamepigwa mchanga wa mto Karanga.

Utaratibu kwa Photoshop ni huu. Fungua faili *jipya* la biti 16 kwa ukubwa halisi, dpi 100 inatosha kwa bango la mita 3 (utapata pikseli 11,811 kwa upana). Gradienti ichorwe humo upya, na kile kisanduku cha ditha (kutawanya nukta) kiwe na tiki. Kubadilisha faili la zamani la biti 8 kuwa biti 16 bila kuchora upya hakusaidii kitu, ni kumimina kikombe cha maji kwenye ndoo na kutegemea ndoo ijae. Ukishachora, ongeza chenga za Gausi kati ya asilimia 1 na 2. Ndipo ushushe kwenda biti 8, na uhifadhi kama TIFF yenye ubanaji wa LZW. Usirudi JPEG, itakula chenga zote ulizoweka na kukurudishia ngazi.

Chenga ziwekwe kwenye ukubwa wa mwisho. Kwa dpi 100 pikseli moja ni robo milimita, haionekani kwa mtu aliyesimama barabarani. Ukiweka chenga kwenye faili la dpi 30 kisha ukalikuza, kila chenga inakaribia milimita nzima, na hapo ndipo mchanga unapoonekana.

Kama anga ni picha iliyopigwa na kamera na tayari ina ngazi, huwezi kuchora upya. Zifiche mlima na theluji kwa maski, peleka biti 16, kisha tia ukungu wa Gausi wenye kipimo kikubwa kuliko upana wa ngazi moja. Ngazi ya milimita 6.5 kwa dpi 100 ni pikseli 26 hivi, basi ukungu wa pikseli 30 hadi 40. Chenga zifuate baada ya ukungu. Ukitanguliza chenga, ukungu unazifuta.

Skrini77
Hapo kwenye dozi nakubali. Ila kwenye skrini ya fulana (wino unapenyezwa kwenye neti) chenga hazikusaidii, kule ni ulimwengu mwingine.

MamaStika (Arusha)
Naongeza kwa wanaotumia CorelDRAW na Illustrator: gradienti ikiwa ya vekta (mchoro wa hesabu, si pikseli), iacheni iende kwenye RIP ikiwa vekta, kwa PDF. PostScript 3 (lugha ya kuielezea printa ukurasa) ya mwishoni mwa miaka ya 1990 ilileta namna ya kueleza gradienti kwa hesabu badala ya vipande, na RIP inaijaza yenyewe kwa rezolusheni yake. Kosa ninaloliona kila siku ni mtu kubadili gradienti safi kuwa JPEG ya dpi 72 "ili faili liwe jepesi kwa WhatsApp". Kwenye CorelDRAW angalieni pia idadi ya hatua za ujazo, isiwe imefungwa kwenye namba ndogo. Wapo walioiacha kwenye 50 bila kujua.

MzeeWaPleti (Moshi)
Vijana, upande wa ofseti mnausahau.

RangiNne
Shikamoo mzee. Tupe.

MzeeWaPleti
Marahaba. Ofseti viwango si shida, pleti ya dpi 2540 kwa mistari 150 inavuka 256. Shida ya ofseti iko kwenye ncha mbili na katikati.

Ncha ya weupe: nukta chini ya asilimia 2 au 3 haishiki vizuri kwenye pleti, au inaliwa na maji. Gradienti inayofifia mpaka sifuri inafika 3 halafu inakatika ghafla. Mteja anaona ukingo mahali ulipotaka rangi iyeyuke. Ama ishie asilimia 3 na ukubali rangi kidogo mpaka mwisho wa karatasi, ama ncha hiyo iangukie kwenye picha yenye mambo mengi ili ukingo ujifiche.

Ncha ya weusi: nukta inatanuka ikigandamizwa. Kwenye karatasi ya bondi isiyo na mng'ao, asilimia 50 kwenye faili inasomeka 70 au zaidi kwenye karatasi. Kwa hiyo kuanzia 85 kwenda juu kote kunaziba kuwa rangi moja, na gradienti yako inapoteza sehemu ya mwisho ya safari yake. Inarekebishwa kwa mkunjo wa pleti (kupunguza nukta wakati wa kutoa pleti), si kwa kupunguza wino kwenye mashine. Ukipunguza wino unaua na maandishi.

Katikati: umbo la nukta. Nukta ya mraba inagusana na jirani zake pembe zote nne kwa mpigo mmoja kwenye asilimia 50, na hapo rangi inaruka. Utaona mstari mmoja mweusi katikati ya gradienti na hutajua umetoka wapi. Agiza nukta ya duaradufu. Yenyewe inagusana kwa awamu mbili, kwanza karibu na 40, tena karibu na 60, hivyo mruko unagawanyika.

Na mkitumia rangi mbili maalumu kwenye gradienti moja, kagueni pembe (mwelekeo wa mistari ya hafutoni). Zote mbili mara nyingi huja zimewekwa nyuzi 45, zinagongana na kutoa michoro ya wavu. Moja ipelekeni 75.

Skrini77
Mzee kamaliza. Sasa fulana, maana huku Moshi fulana za kupanda mlima ndizo kazi yenyewe.

Filamu ya leza dpi 600, hafutoni mistari 45 kwa inchi, unapata viwango 178, vinatosha. Adui ni neti. Neti ya 77T ina nyuzi 77 kwa sentimita, yaani uzi mmoja na tundu lake ni milimita 0.13. Nukta ya asilimia 5 kwa mistari 45 ina kipenyo cha milimita 0.14, inapona kwa shida. Nukta ya asilimia 3 ina milimita 0.11: ikiangukia kwenye uzi haipiti, ikiangukia kwenye tundu inapita. Ndiyo sababu ncha ya gradienti kwenye fulana inatoka kama imeliwa na mende.

Kwa hiyo gradienti ya fulana ifanye kazi kati ya 5 na 90, nje ya hapo usitegemee. Sheria ya mkono: nyuzi za neti kwa inchi ziwe mara 4 hadi 5 ya mistari ya hafutoni. 77T ni nyuzi 195 kwa inchi, kwa mistari 45 uko mara 4.3, sawa. Mtu anayetaka mistari 65 kwenye 77T anajitafutia. Pembe weka 22.5 ili nukta zisiende sambamba na nyuzi. Nafasi kati ya skrini na fulana milimita 2 hadi 3, raba ya kusukumia wino yenye makali, pasi moja ya nguvu. Ukirudia pasi ya pili, nukta zinatanuka na katikati panaziba. Wino wa plastisoli unatanua sana, kwa hiyo kabla ya kutoa filamu shusha 50 ya faili iwe karibu 35.

Fulana nyeusi: tanguliza nyeupe yenye hafutoni ileile iliyofifia, isiwe nyeupe nzima chini. Ukiweka nyeupe nzima, rangi inafifia lakini weupe haufifii, utapata kivuli cha maziwa kuzunguka mlima.

DadaKadi (Moshi)
Jamani na sisi wa leza? Kadi za mchango, gramu 300, zambarau inayofifia kwenda dhahabu. Katikati inatoka rangi ya matope, halafu kuna alama inajirudia.

RangiNne
Dada, hayo ni mambo mawili.

Matope ni hesabu ya rangi tu. Zambarau tuseme C60 M90, dhahabu C10 M30 Y80. Katikati yake halisi ni C35 M60 Y40, siani, majenta na njano zote kwa pamoja, na zikikutana tatu zinakuwa kahawia ya damu ya mzee iliyochakaa. Printa haijakosea. Weka kituo cha tatu katikati, kwa mfano C15 M60 Y20, gradienti ipitie kwenye waridi badala ya kupitia shimoni. Machweo nyuma ya mlima, bluu kwenda chungwa, yana ugonjwa huohuo na dawa hiyohiyo.

Gradienti inayoishia kwenye nyeusi nayo isiishie K100 peke yake. Nyeusi hiyo ikikaa kando ya bluu nzito inaonekana kijivu. Ishie C60 M40 K100. Na bluu yenyewe, majenta iwe chini ya siani kwa 30 angalau, la sivyo bluu ya kioo cha kompyuta inageuka zambarau katikati ya safari.

Alama inayojirudia: pima umbali kwa rula. Dramu (silinda inayobeba unga wa tona) yenye kipenyo cha milimita 30 inazunguka mara moja kila milimita 94. Ukipata 94, dramu ina mkwaruzo au imechoka. Roli nyingine zina mizunguko yao, kitabu cha mashine kina jedwali. Faili haliponyi hilo.

NuktaNdogo
Kwa leza ongeza: fanya kalibresheni baada ya mashine kupata joto, si ile ya kwanza asubuhi. Chagua aina ya karatasi inayolingana na gramu 300. Na kama mashine inakuruhusu kuchagua hafutoni, kwa gradienti chukua yenye mistari michache. Watu wanakimbilia mistari mingi wakidhani ndiyo ubora, kumbe vinukta vidogo mno vya tona havikai sawa, rangi inayumba. Kadi zenye mikwaruzo ya urembo ziepuke kabisa, tona haifiki kwenye mabonde.

AngaLaKibo
Nimefanya kipimo cha kugeuza. Ngazi zimegeuka na picha. Lakini kipande cha pili kina mistari myeupe membamba pia, upande wa hedi.

MamaStika
Basi unavyo vyote viwili, kama ulivyoambiwa. Mistari *myeupe* maana yake fleksi inavutwa kupita kiasi. Ingekuwa *myeusi* ingekuwa inavutwa pungufu na pasi zinapandiana. Rekebisha stepu (umbali fleksi inavyovutwa kila pasi) roli ikiwa imeshafungwa, hita zikiwa zimepata joto kamili, na uirudie ukibadili roli, kwa sababu roli nzito iliyojaa na roli iliyobaki mita tano hazivutiki sawa.

Kabla ya stepu lakini, nozeli (vitundu vya wino kwenye hedi). Printi kipimo cha nozeli. Kwa pasi 4, nozeli mbili zilizoziba zinaonekana. Kwa pasi 8 nozeli nyingine zinazifunika. Anga lile liprinti kwa pasi 6 au 8, na uzime kuprinti kwenda na kurudi, iwe upande mmoja tu. Itachukua muda, ndiyo. RIP yako ikiwa na chaguo la kulainisha kingo za pasi, liwashe.

Na kwa Arusha, Juni na Julai usiguse stepu asubuhi. Wino wa solventi ukipoa unakuwa mzito, tone linachelewa na linakwenda kombo. Chumba kisishuke chini ya nyuzi 20, na fleksi iingie ndani tangu jana yake. Hita ya kuprintia 40 hadi 45, ya mwisho 50.

NuktaNdogo
Na umeme ukikatika katikati ya anga, usiendelee pale ulipoishia. Wino wa awali umeshakauka, mshono hautafutika. Kompyuta na bodi ya mashine ziwe kwenye UPS, hita ziache nje, zitaimaliza.

Baada ya stepu, fanya linearaizesheni (kupanga kila wino uongezeke sawasawa). Printi viraka 21 vya kila wino, kutoka 0 hadi 100 kwa kuruka tano tano. Kama huna kifaa cha kupimia, tumia macho: tafuta vinapoanza kufanana. Vikifanana kuanzia 85, wino umezidi, shusha kikomo cha chaneli hiyo mpaka kila kiraka kitofautiane na jirani yake.

AngaLaKibo
Sawa. Swali la mwisho: ikipigwa laminesheni juu, ngazi zitapungua?

MamaStika
Kwenye stika ya vinaili, ya mati inazififisha kidogo, ya kung'aa inazitoa nje zaidi. Kwenye fleksi ya nje usihangaike nayo.